Gunzi la Bibi

Nimeamua kusema ukweli, na msidhani dhamiri ndiyo imenisuta. Ni bei ya petroli. Mtanielewa mbele ya safari.

Sisi ni watu wa Rungwe, upande wa Katumba, huko ambako mvua hainyeshi, inaishi. Nyumbani kuna Baba, mzee wa kanisa la Moravian. Kuna Mama, anayechuma chai asubuhi na kuuza ndizi jioni. Kuna Bibi mzaa baba, ambaye umri wake unategemea nani anauliza. Halafu mimi, dereva wa bodaboda stendi ya Tukuyu. Mwisho mdogo wangu wa kike, ambaye mwaka huo alikuwa anamaliza chuo kikuu Iringa. Jina lake silitaji maana sasa ni mwalimu, na wanafunzi wa siku hizi wanajua kuchimba mambo mtandaoni. Chuo nacho sikitaji. Iringa ina vyuo vikuu zaidi ya kimoja, chagueni mnachokipenda.

Shahada yake ilikuwa na wadhamini wawili: Bodi ya Mikopo na ng'ombe wetu mmoja mweusi. Bodi ilitoa asilimia zake, na ng'ombe akatoa zilizobaki, kwa mkupuo, kule mnadani.

Mwezi wenyewe ulianza na simu. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, Mama anamenya ndizi, simu iko kwenye spika juu ya kinu.

"Mama, jina langu limetoka!"

Kisu kikasimama. "Limetoka? Nani kalitoa?"

"Limetoka, Mama! Kwenye orodha ya wahitimu! Sina sapu, sina kerio, sina chochote!"

"Huna chochote," Mama akarudia taratibu, akinitazama mimi kama kwamba nimeshiriki. "Miaka mitatu, ng'ombe mzima, na huna chochote."

Ikabidi Baba achukue simu. Tukaelezwa kwamba kutoka ndiko kuingia, kwamba kutokuwa na kitu, yaani hakuna mtihani wa kurudia wala somo la kubeba, ndiko kufaulu, na kwamba GPA yake ni tatu nukta nane. Mama akauliza kati ya ngapi. Kati ya tano. Hesabu hiyo aliibeba kichwani hadi kituo cha kupimia chai, na mpaka saa kumi jioni akina mama wote wa zamu ile walikuwa wanajua kwamba binti yetu amepata nane kati ya tano. Hakuna aliyebisha. Walisema ndiyo elimu ya juu hiyo.

Kamati ya mahafali ikaundwa usiku uleule. Baba Mdogo alikuwa mwenyekiti kwa sababu alikaa kwenye kiti pekee chenye mikono. Shangazi akawa mhazini kwa sababu anaogopwa. Mimi nikawa katibu kwa kosa la kukutwa na kalamu. Daftari ninalo mpaka leo, na ukurasa wa ahadi unasomeka hivi: fedha taslimu, watu wanne, fedha "mwisho wa mwezi", watu kumi na tisa, mikungu ya ndizi, kumi na mmoja, viazi debe tatu, jogoo mmoja "akipatikana".

Huyo jogoo alikuwa wa jirani. Jirani alimtoa kwa moyo mweupe kabisa, tatizo ni kwamba jogoo mwenyewe hakushirikishwa. Alikuwa analala juu ya mparachichi, tawi la mwisho, na kila jioni kwa wiki mbili vijana walipanda na kushuka na parachichi mikononi. Mpaka leo yuko hai. Jirani anamwita Ahadi.

Maisha mengine nayo hayakusimama kutusubiri. Siku ya kikao cha pili ng'ombe tuliyebaki naye akaanza kuzaa, ikabidi kikao kihamie zizini. Bajeti ya keki ilipitishwa huku mwenyekiti ameshika miguu ya ndama. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mimi nilipasua tairi mara mbili. Bibi aliugua jino akalitibu kwa kulitukana.

Suti ya Baba ndiyo ilikuwa habari kubwa. Tulipanda gari asubuhi kwenda Mbeya, tukaingia Mwanjelwa kwenye mitumba, tukapanga foleni ya macho mbele ya rundo la makoti. Muuzaji akatoa koti la kijivu na suruali yake, akalipangusa kwa kiganja.

"Mzee, hili alivaa mzungu mmoja tu, mara moja."

"Na hiyo mara moja alifia humohumo?" Baba akauliza.

Kutoka elfu sitini tulishuka mpaka ishirini na nane, tukaondoka mara mbili, tukaitwa mara mbili. Fundi wa Tukuyu alilipunguza mikono, kisha akatoa onyo ambalo baadaye lilikuja kutugharimu: "Mzee, kitambaa hiki maji ni sumu yake. Ukikiloweka tu, utamvalisha mjukuu." Baba akalitundika sebuleni kwenye msumari wa kalenda. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kukaanga samaki ndani ya nyumba. Wageni walikuwa wakiingia wanalisalimia koti kwanza, maana kwenye giza lilifanana na mtu.

Sasa tufike kwa Bibi.

Bibi hakuwa na hela ya mchango na hakutaka kuandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa mwezi. Akasema yeye atatengeneza togwa, kwa sababu mjukuu wake hawezi kuvalishwa joho na koo kavu. Jumatano jioni nilimkuta jikoni. Alikuwa amepika uji mzito wa mahindi kwenye sufuria la msiba, lile kubwa, akaupooza mpaka kidole kikavumilia kukaa ndani. Ndipo akamwagia kimea: ulezi aliouotesha mwenyewe kwenye gunia lenye unyevu, akauanika, akausaga. Akakoroga. Kama hujawahi kuona, ni kitu cha ajabu kidogo. Uji ulikuwa umesimama kama udongo, lakini ukikorogwa na kimea unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi, unaanza kung'aa. Akaufunika na jani la mgomba, akausogeza karibu na mafiga, akaketi pembeni.

"Kesho asubuhi ni ya watoto," akaniambia. "Kesho kutwa ni ya wakubwa. Siku ya tatu usimpe mchungaji."

"Bibi, mahafali ni Jumamosi."

"Najua. Ndiyo maana nimeipooza zaidi. Na kwetu kuna baridi, haina haraka."

Alhamisi usiku aliimimina kwenye dumu la njano la lita ishirini, lile la mafuta ya kula, akaacha nafasi juu. Kifuniko hakuweka. Alichukua gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu likalingana na mdomo wa dumu, akalizungushia uzi wa jani la mgomba, akalichomeka bila kulishindilia. Nikamsikia akilijaribu: unalibonyeza kidogo, linajitikisa lenyewe, linatoa pumzi, *pfyu*, linatulia. Togwa inahema, alisema, na kinachohema hakifungwi pua. Akanigeukia maana mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mizigo.

"Hili gunzi lisiguswe."

"Sawa, Bibi."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Ijumaa saa kumi alfajiri Coaster ya kukodi ilikuwa mlangoni, inaunguruma, ukungu umejaa. Chuo kilikuwa kimetoa kadi mbili za wageni. Sisi tulikuwa watu ishirini na sita. Nilikuwa napakia kwa tochi ya simu: mikungu, viazi, begi la Shangazi lenye uzito wa kiti, boksi la keki limefungwa kwa mtandio. Nikafika kwenye dumu. Na hapo, ndugu zangu, shetani akanipitia.

Niliona picha nzima. Niliona wazazi wa Dar es Salaam wanashuka kwenye magari yenye viyoyozi, miwani ya jua kichwani, na sisi tunashuka na dumu lililozibwa kwa gunzi. Niliona wenzake mdogo wangu wakipiga picha. Niliona gunzi kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikalichomoa. Likatoa *pfyu* ndogo, kama linalalamika. Nikalitia mfuko wa jaketi, nikaenda kwenye dumu langu la kuoshea pikipiki, nikatoa kifuniko cha bluu. Nyuzi zake hazikulingana na mdomo wa lile dumu, nikaweka nailoni katikati, nikalibana dumu kwa magoti na kukaza kama nafunga nati ya tairi la nyuma. Nikalitazama, nikaona sasa limestaarabika.

Bibi akasema dumu lisiende nyuma kwenye mizigo, liwekwe mbele anapoweza kuliangalia. Likawekwa juu ya boneti, kati ya dereva na siti ya heshima. Mnajua boneti ya Coaster: chini yake ndipo ilipo injini, na safari ya masaa mawili ukikalia pale unaiva. Kwenye siti ya heshima alikaa Baba, ndani ya suti. Mama alimsihi avae nguo nyingine njiani, akajibu kwamba stendi ya Tukuyu na Uyole kuna watu wanaomfahamu. Dumu lilifunikwa na kanga ya Bibi, kwa hiyo kifuniko hakikuonekana.

Kupanda Isyonje ilikuwa raha. Baridi ya kukata masikio, ukungu, akina mama wanaimba. Uyole tukanywa chai. Kisha barabara kuu ya kwenda Iringa, na kuna kilomita zaidi ya mia tatu mbele yetu, na pale ndipo nchi inapoanza kukuvua nguo. Unateremka Inyala, unafungua dirisha. Unafika Igurusi, unavua sweta. Ukiingia uwanda wa Usangu mwezi wa kumi na moja, jua la mpunga limekaa juu ya bati la gari, hata nyimbo zinapungua. Kila mtu alikuwa amevua jaketi isipokuwa mimi. Jaketi langu lilikuwa na gunzi.

"Kijana, huoni joto?" Shangazi akaniuliza.

"Nina malaria kidogo."

Karibu na Chimala kanga iliteleza. Nikaliona dumu. Lile dumu lilikuwa na mashavu bapa tangu tulinunue. Sasa yalikuwa ya mviringo. Lilikuwa limesimama kwa kitako kilichotuna, linayumba kidogokidogo kwenye kona, halitoi sauti yoyote. Ningeweza kusema. Ningenyoosha mkono nikakilegeza kile kifuniko, nusu mzunguko tu, yakaisha. Lakini ningeanzaje? Bibi amekaa siti ya nyuma yake, macho wazi. Nikajiambia Makambako kuna baridi, likifika kule litapoa, litanywea lenyewe. Nikaanza kumwombea dereva akimbie.

Dereva akakimbia. Tukaacha Chimala nyuma, Igawa bado, na mbele kukawa na tuta ambalo hakuliona.

Mlio wenyewe sijui niuandikeje. Dereva alidhani tairi la mbele limepasuka, akafunga breki, gari likasota mpaka pembeni ya barabara. Shangazi alianza zaburi kuanzia katikati. Kisha kukawa na ukimya, na ndani ya ukimya huo mvua: togwa ilikuwa imepiga dari na sasa inarudi, nzito, ya vuguvugu, *ta, ta, ta*, juu ya vichwa vya kamati nzima.

Baba hakusema neno. Alikuwa ameketi wima vilevile, mikono magotini, na togwa ilikuwa inamtiririka kutoka kwenye nyusi. Punje moja ya kimea ilikuwa imetulia juu ya ncha ya pua yake. Alikuwa anaitazama.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya.

"Gunzi langu!"

Watu ishirini na sita wakainama kutafuta gunzi. Chini ya viti, ndani ya viatu, ndani ya mikungu. Na mimi nikainama, tena kwa bidii kuliko wote, mkono mmoja sakafuni na mwingine mfukoni. Kifuniko cha bluu nilikiona kimelala kwenye ngazi ya mlango, nikakipiga teke kikazama majanini. Baada ya robo saa Baba Mdogo, kama mwenyekiti, akahitimisha kwamba gunzi limetokea dirisha la dereva na kwa sasa liko mashambani Mbarali.

"Gunzi huwa linatoka kwa heshima," Bibi akasema. "Linasema *pfyu*. Halipigi bunduki." Akanitazama. Nikakohoa malaria.

Tulisafiri dakika kumi tu, trafiki akatusimamisha. Kijana mdogo, sare imenyooka, akasogea dirishani kwa dereva na kabla hajafungua mdomo pua yake ikafanya kazi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Dereva, shuka."

Dereva akashuka, shati limegandana na mwili. Akapewa kifaa cha kupimia ulevi, akapuliza. Sifuri. Trafiki akakikung'uta, akampa tena. Sifuri. Akazunguka gari, akanusa dirisha moja baada ya jingine, akarudi.

"Gari zima linanuka kilabu. Dereva ana sifuri. Mmefanyaje?"

"Ni togwa, mwanangu," Bibi akasema kutoka dirishani. Chini ya dumu kulikuwa kumebaki kidogo. Akamimina kwenye kikombe cha bati, akampa. Trafiki hakunywa, alikuwa kazini. Alichovya tu ncha ya kidole, akaigusisha kwenye ulimi, akafumba macho.

"Tunaenda mahafali Iringa," Mama akaeleza.

"Naona," akasema yule kijana akirudisha kikombe. "Bibi, hii nayo imehitimu."

"Ndaga fijo, mwanangu," Bibi akajibu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, amefurahi. Alidhani tumepongezwa.

Makambako kulikuwa na upepo wa kutosha kukausha kila mtu isipokuwa Baba, kwa sababu ya ile suti. Maji ni sumu yake, alikumbusha. Kwa hiyo haikufuliwa. Ilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, nje tu, na togwa iliyokuwa imeshaingia kwenye bitana ikaachwa iendelee na shughuli zake. Tulifika Iringa jioni, tukapanda kutoka Ipogolo kwenda mjini watu wamesinzia, tukalala kwa ndugu Kihesa, wengine vitandani na wengine kwenye mazungumzo.

Asubuhi Mama akaipiga pasi. Hapa nataka msimame kidogo. Togwa ni uji. Uji ukikauka kwenye kitambaa halafu ukapita pasi ya moto, huo ni wanga, ndio uleule watu wanaonunua dukani kunyooshea kola. Koti lile lilipigwa wanga kuanzia kola hadi pindo, nje na ndani. Mama alipomaliza aliliinua kwenye meza likabaki na umbo la meza. Tuliliegemeza ukutani, likasimama. Baba alivalishwa na watu wawili. Mkono ulikuwa unaingia kwa sauti ya karatasi. Akishavaa, viwiko havikunji. Alikunywa chai kwa kuletewa.

Harufu? Asubuhi na baridi ya Iringa ilikuwa haisemi sana.

Mdogo wangu alitupokea getini, amevaa joho, analia na kucheka. Alikuwa amepata kadi ya tatu kwa mwenzake ambaye wazazi hawakuweza kutoka Kigoma, hivyo mimi nikaingia kama mpiga picha wa familia. Wengine wakabaki nje chini ya miti. Bibi hakuwa na kadi, lakini alimsalimia mlinzi, akamuuliza mama yake anaendeleaje, akaingia. Mpaka leo mlinzi yule hajui imekuwaje.

Tukakaa mstari wa nne. Baba kushoto kwangu, Mama kulia. Upande wa pili wa Baba alikuwa mchungaji mmoja mzee, kola nyeupe, Biblia ndogo mfukoni, amekuja kumwona mjukuu wake. Walisalimiana vizuri sana, watu wa Mungu kwa watu wa Mungu.

Saa nne jua likafika kwenye mstari wetu.

Sijui niseme koti liliamka au lilizaliwa upya. Harufu ilianza kama mkate, ikawa kama ndizi zilizoiva sana, ikamalizikia kilabuni, Jumapili mchana. Nzi wa kwanza alitua kwenye bega. Baba alitaka kumfukuza, kiwiko kikagoma. Wakaja wenzake. Tuliposimama kwa Wimbo wa Taifa koti lilitoa mlio wa tawi kavu, na mwanamke wa mstari wa mbele akageuka. Mchungaji alikuwa ameshasogea kiti mara mbili. Nilimwona anapambana na roho yake. Mwishowe akainama taratibu, kwa upole wa mtu aliyezika na kufungisha ndoa miaka yote, akamnong'oneza:

"Mzee mwenzangu, furaha kama hii tuiachie jioni."

Wakati huohuo kule mbele wahitimu wa kitivo cha mdogo wangu walikuwa wamesimama, mamia, kofia mikononi. Mkuu wa Chuo alikuwa amesogea kwenye kipaza sauti kuwatunuku. Bendi ilikuwa imenyamaza. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza, hata watoto.

Baba ana sauti ya kusoma matangazo kanisani bila spika.

"MIMI SIJAGUSA POMBE TANGU MWAKA 1994!"

Mkuu wa Chuo akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Akatazama upande wetu. Akarekebisha miwani, kwa utulivu ambao naamini ndio sababu ya kupewa cheo kile, akawatunuku watu shahada zao. Lakini safu nzima ya majoho ilikuwa inatikisika mabega, na katikati yao niliona mhitimu mmoja amevaa kofia yake mpaka kwenye kope. Wenzake walimuuliza baadaye kama anamfahamu yule mzee. Alisema hapana. Akaja kutuambia mwenyewe, na Baba akasema katika hali ile hata yeye angekana.

Mama hakusema kitu. Alikuwa anapiga vigelegele na machozi yanamtoka, na mpaka kesho hakuna atakayejua ni ya jambo gani.

Nje ilikuwa zamu ya picha. Wapiga picha wamejaa, mashada yanameremeta, kila familia inagombea maua ya kusimama mbele yake. Tukajipanga. Mdogo wangu katikati, mashada matano shingoni, Mama, Baba ameegeshwa ("Mzee, legeza mkono." "Haulegei." "Basi cheka." Akacheka), Bibi kulia kwangu. Baba Mdogo akadai apige mwenyewe kwa simu yangu kwa sababu ina kamera nzuri. Nikatia mkono mfuko wa jaketi, nikavuta simu.

Gunzi likatoka nayo.

Lilianguka kwenye nyasi bila sauti, likabingirika mara moja, likasimama mbele ya kiatu cha Bibi. Bado lilikuwa na uzi wake wa jani la mgomba. Baba alikuwa anaangalia kamera, shingo haigeuki. Mama alikuwa anamnyooshea binti yake kola. Walioona tulikuwa wawili.

Bibi hakunitazama. Aliinua mguu wa kulia, polepole, akaushusha juu ya gunzi. Kisha akatabasamu, meno yote aliyonayo.

Picha hiyo iko sebuleni, palepale kwenye msumari wa kalenda. Wageni huisifia. Wengine huuliza kwa nini Bibi amesimama kama amepanda ngazi, na Baba huwaeleza kwamba ni goti. Kuhusu suti, msimamo rasmi wa familia ni kwamba lile tuta ndilo lililoharibu kila kitu, na dereva alikatwa elfu ishirini kwenye malipo yake. Nimemlipa kimyakimya kwa kumbeba bure mara nne.

Wa kumbeba bure yuko mwingine. Ilianza Jumapili iliyofuata: Bibi aliketi kwenye pikipiki bila kuuliza, akaniambia kanisani. Nikampeleka. Jumatano mnadani. Ijumaa kwa rafiki yake Kiwira, nisubiri, turudi. Mwezi wa kwanza nilihesabu lita, mwezi wa pili nikaacha kuhesabu, inatia uchungu. Juzi usiku amenipigia nikiwa stendi. Anataka nimpeleke Kyela kumsalimia dada yake, alale siku mbili, nimfuate.

"Bibi," nikamwambia, "Kyela ni mbali. Mafuta yamepanda. Angalau changia nusu."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia anafungua kitu, kama sanduku, kisha anafunga.

"Gunzi ninalo," akasema, akakata simu.